Kibao cha Shingoni: Wawelisi, Lugha Yao na Uhakiki wa Kilio

Utangulizi

Kuna picha moja iliyozoeleka mno katika maandishi ya wahakiki wa Kiafrika wanaojadili lugha na ukoloni. Ni picha ya mtoto wa Wales wa karne ya kumi na tisa, aliyevikwa shingoni kibao cha mti chenye herufi W na N kwa kosa la kutamka neno la Kiwelisi shuleni. Kibao kilihama kutoka shingo hadi shingo, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku ndiye aliyechapwa. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), alisimulia habari za kifungo kilichopitishwa kwa mtindo uo huo miongoni mwa wanafunzi waliothubutu kusema Kikuyu, na wengi waliosoma katika shule za Kenya wanaikumbuka diski iliyofanya kazi hiyohiyo. Basi kibao na diski huwekwa sako kwa bako, hoja hufungwa, na msomaji huachwa alie.

Makala haya yanaupinga ulinganishi huo. Si kwamba ni wa uongo. Ubaya wake ni kuwa unakomea pale ulipopaswa kuanzia. Dai linalotetewa hapa ni hili: Kiwelisi hakikudhoofishwa na kibao peke yake, wala hakikunusurika kwa kuliliwa. Kilidhoofika kila kiliponyimwa kazi, na kiliishi kila kilipopewa kazi. Mhakiki asiyeliona jambo hili hawatendei haki Wawelisi. Vibaya zaidi, anawapotosha wasomaji wake kuhusu lugha zao wenyewe.

Jina, Upanga na Karatasi

Jina lenyewe ni fundisho. "Wales" na "Welsh" ni maneno yaliyotokana na neno la kale la Kijerumani lililomaanisha wageni. Watu wenyewe hujiita Cymry, jina lenye asili ya maana ya watu wa nchi moja. Nchi yao huiita Cymru na lugha yao Cymraeg. Watu waliokuwa kisiwani kabla ya Waanglia na Wasaksoni kuwasili ndio walioitwa wageni, na jina la wenye nguvu ndilo lililoshika duniani.

Llywelyn ap Gruffudd, mtawala aliyeiunganisha sehemu kubwa ya nchi, aliuawa mwaka 1282, na Mfalme Edward wa Kwanza akaizungushia Wales ngome za mawe ambazo watalii wa leo huzipiga picha. Iwapo lugha huuawa kwa upanga, Kiwelisi kilipaswa kufa hapo. Hakikufa. Dafydd ap Gwilym, ambaye wengi humhesabu kuwa mshairi mkuu kuliko wote wa lugha hiyo, alitunga katika karne ya kumi na nne, yaani baada ya ushinde huo. Owain Glyndŵr, aliyeanzisha uasi mwaka 1400, aliitisha bunge huko Machynlleth mwaka 1404, na katika mipango yake ya mwaka 1406 alitaka nchi iwe na vyuo vikuu viwili, kimoja kaskazini na kingine kusini. Taifa lililoshindwa vitani lilikuwa bado lina lugha ya kuwazia mambo makubwa.

Pigo lililoumiza zaidi lilikuwa la karatasi. Sheria ya mwaka 1536 iliyoiunganisha Wales na Uingereza iliagiza kwamba mahakama ziendeshwe kwa Kiingereza, na kwamba atumiaye Kiwelisi asishike wadhifa wowote wa serikali. Sheria hiyo haikumchapa mtu, wala haikumkataza mkulima kuzungumza na mkewe kwa lugha yake. Ilifanya jambo la hila zaidi: iliiweka lugha moja mezani na nyingine jikoni. Tangu hapo kila mzazi mwenye tamaa na mwanawe alijua ni mlango upi unaofunguka kwa ufunguo upi.

Nani Aliyekishika Kibao?

Hapa ndipo uhakiki wa kilio unapoteleza. Husemwa kana kwamba Bunge la London lilipitisha sheria ya kuwavika watoto vibao. Hapakuwa na sheria kama hiyo. Kibao kilikuwa desturi ya walimu, na wengi wao walikuwa Wawelisi wenyewe, katika shule ambazo wazazi walilipa ili watoto wao wapate Kiingereza. Hata taarifa ya serikali ya mwaka 1847, ambayo ilikitukana Kiwelisi kuwa kizuizi cha maendeleo na maadili, iliikosoa desturi hiyo.

Taarifa hiyo yenyewe yastahili kutazamwa. Waliotumwa kuchunguza shule za Wales walikuwa makamishna watatu Waingereza wasiojua Kiwelisi. Walitegemea mno ushahidi wa makasisi wa Kanisa la Uingereza katika nchi ambayo waumini wake wengi walikuwa wamekwisha kulihama kanisa hilo, na wanafunzi waliulizwa maswali kwa lugha wasiyoielewa, kisha wakaandikwa kuwa wajinga. Wawelisi waliuita uchunguzi huo Brad y Llyfrau Gleision, yaani Usaliti wa Vitabu vya Buluu, na hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini baada ya hasira kulifuata nini? Tabaka la kati halikujibu kwa kusema kwamba Kiwelisi kinatosha. Lilijibu kwa kutaka kumwonyesha Mwingereza kwamba Mwelisi naye ni mstaarabu, na ithibati ya ustaarabu ikawa ni Kiingereza. Aliyetukanwa aliichukua mizani ya aliyemtukana, akajipimia nayo.

Takwimu nazo zinaikana hadithi ya kibao. Kama kibao ndicho muuaji, idadi ya wasemaji ingeporomoka katika karne ya kumi na tisa. Sivyo ilivyokuwa. Sensa ya mwaka 1901 ilihesabu karibu wasemaji 930,000, nusu ya wakazi wa Wales. Ile ya 1911 ilihesabu zaidi ya 977,000. Idadi hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika sensa, na ilifikiwa na kizazi kilichopita katika shule hizo za vibao. Poromoko lilikuja baadaye, vibao vilipokwisha kutupwa. Kufikia 1961 wasemaji walikuwa asilimia 26, na kufikia 1981 walikuwa chini ya asilimia 19. Makaa ya mawe yalileta wageni wengi katika mabonde ya kusini. Mdororo wa uchumi baina ya vita viwili vya dunia uliwafukuza wenyeji kwa mamia ya maelfu kwenda kutafuta kazi Uingereza. Na majumbani, kimyakimya, wazazi waliacha kuwasemesha watoto wao lugha ya nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mfano mmoja unatosha. Dylan Thomas, mshairi aliyezaliwa Swansea mwaka 1914, ndiye Mwelisi anayejulikana zaidi katika silabasi za Kiingereza za vyuo vikuu vya Afrika. Wazazi wake wote wawili walijua Kiwelisi. Baba yake, mwalimu wa Kiingereza, alimpa jina Dylan kutoka katika hadithi za kale za Kiwelisi ziitwazo Mabinogi, na jina la pili, Marlais, kwa heshima ya jamaa yao aliyekuwa kasisi na mshairi. Kisha akamlipia masomo ya kutamka Kiingereza sawasawa, na lugha yenyewe hakumpa. Mtoto alipewa jina la urithi bila urithi wenyewe. Hakuna kibao chochote katika kisa hiki. Kuna baba aliyempenda mwanawe na aliyejua bei ya vitu sokoni.

Je, kusema hivyo ni kumwondolea mtawala lawama? La hasha. Mzazi hakuchagua penye uhuru. Alichagua katika soko ambalo bei zake zilipangwa mwaka 1536. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya kumlaumu aliyepanga bei na kujifanya kwamba hakuna aliyenunua. Uhakiki unaokataa kumtazama mnunuzi hauwezi kamwe kumshauri.

Lugha Huishi kwa Kazi

Upande wa pili wa historia hiyo ndio unaopuuzwa zaidi. Mwaka 1563 Bunge liliagiza Biblia itafsiriwe kwa Kiwelisi. Nia haikuwa mapenzi. Dola ilitaka Wawelisi wawe Waprotestanti watiifu, na sheria yenyewe iliagiza kwamba Biblia ya Kiingereza iwekwe kanisani kando ya ile ya Kiwelisi ili watu wazilinganishe na kujifunza Kiingereza upesi. William Salesbury na wenzake walitoa Agano Jipya mwaka 1567. William Morgan akatoa Biblia nzima mwaka 1588. Kilichokusudiwa kuwa daraja la kuvukia kwenda Kiingereza kikawa ngome. Lugha iliyofukuzwa mahakamani ikapata mimbari katika kila parokia, na pamoja na mimbari ikapata nathari iliyosanifiwa, inayoeleweka kaskazini na kusini.

Griffith Jones wa Llanddowror alifuata njia hiyo kuanzia miaka ya 1730. Shule zake zilizohamahama, zikifunguliwa kwa miezi michache katika kijiji kimoja kisha kingine, ziliwafundisha watoto na watu wazima kusoma kwa lugha waliyokwisha kuijua. Hakuwa mwanaharakati wa lugha. Alitaka watu wasome neno la Mungu kabla hawajafa, na aliona ni upuuzi kuwafundisha lugha ngeni kwanza. Matokeo yake yalikuwa umma wa wasomaji wa Kiwelisi, na umma huo ndio uliozaa magazeti, majarida na vitabu vya karne iliyofuata.

Hata sherehe ambazo mgeni huziona kuwa za kale zina hadithi ya aina hiyo. Baraza la washairi waliovaa majoho, Gorsedd, lilibuniwa na Iolo Morganwg na kufanyiwa ibada yake ya kwanza mwaka 1792, tena jijini London. Iolo alikuwa mtaalamu mkubwa wa hati za kale na mghushi mkubwa wa hati hizo. Mhakiki mwenye kiu ya asili safi atakata tamaa akilijua hilo. Lakini thamani ya Eisteddfod ya Taifa haimo katika ukale wa majoho. Imo katika ukweli kwamba kila mwaka maelfu ya watu hukusanyika kumsubiri mshairi atangazwe. Mcheza kwao hutuzwa. Mwaka 1917, huko Birkenhead, jina la mshindi wa Kiti lilipoitwa hakuna aliyesimama: Hedd Wyn, mchungaji wa kondoo kutoka Trawsfynydd, alikuwa ameuawa vitani majuma machache kabla. Kiti kilifunikwa kitambaa cheusi. Msiba huo ungali unakumbukwa na taifa zima kwa sababu taifa lilikuwa na kiti cha kumkalisha mchunga kondoo.

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wana jambo lao la kutafakari hapo. Kiti hutolewa kwa utungo unaofuata cynghanedd, kanuni za kale ambazo kwazo konsonanti za nusu ya kwanza ya mstari hurudiwa kwa mpangilio katika nusu ya pili, au vina vya ndani hufunganishwa. Ni kanuni kali kuliko vina na mizani. Taji, kwa desturi, hutolewa kwa utungo usiofungwa na kanuni hizo. Katika Afrika Mashariki miaka mingi imetumika kubishana kama shairi lisilo na vina ni shairi. Wawelisi nao wamebishana sana, ila waliweka tuzo mbili na kuacha watunzi watunge.

Mwaka 1962

Februari 1962 Saunders Lewis, mwandishi wa tamthilia na mmoja wa waasisi wa chama cha Plaid Cymru mwaka 1925, alitoa mhadhara redioni ulioitwa Tynged yr Iaith, yaani Hatima ya Lugha. Hakuwa mgeni katika mapambano. Mwaka 1936 yeye na wenzake wawili, Lewis Valentine na D. J. Williams, walichoma majengo ya kituo cha ndege za kivita huko Penyberth na kujisalimisha kwa polisi. Baraza la wazee wa mahakama huko Caernarfon halikuafikiana, kesi ikahamishiwa London, na kila mmoja akafungwa miezi tisa. Lewis alipoteza kazi yake ya chuo kikuu.

Katika mhadhara wake alionya kwamba, mambo yakiendelea vile, Kiwelisi kingekoma kuwa lugha hai mapema katika karne ya ishirini na moja. Lakini hakuishia kwenye maombolezo. Aliwaelekeza wasikilizaji kwa Trefor na Eileen Beasley, mume na mke wa Llangennech, ambao tangu 1952 walikuwa wamekataa kulipa kodi ya nyumba hadi watumiwe hati ya madai kwa Kiwelisi. Madalali waliingia kwao mara kwa mara na kubeba samani. Mwaka 1960 hati ikaja katika lugha zote mbili. Fundisho la Lewis lilikuwa dhahiri: lugha haipiganiwi kwa nyimbo za majonzi bali kwa karatasi ya kodi, hati ya mahakama na kibao cha barabarani. Chama cha Lugha ya Kiwelisi, Cymdeithas yr Iaith Gymraeg, kiliundwa mwaka huohuo, na vijana wengi wakaingia jela kwa ajili ya mambo ambayo mshairi wa machozi angeyaona madogo mno.

Juni ya mwaka huohuo 1962, huko Makerere, waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana kuulizana fasihi ya Kiafrika ni nini. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huohuo, hakuwa na nafasi katika mkutano huo, kwa kuwa sharti la kuingia lilikuwa ni lugha ambayo hakuitungia. Wawelisi walikuwa wakiuliza namna ya kuirudishia lugha yao kazi. Wasomi wa Afrika walikuwa wakijadili namna ya kuifanya lugha ya watu wengine iwafanyie kazi. Ni tofauti hii, wala si ufanano wa kibao na diski, ndiyo iliyopaswa kuwashughulisha wahakiki.

Matunda ya Wales hayakuwa madogo. Sheria za lugha zilipitishwa mwaka 1967 na 1993. Idhaa ya televisheni ya Kiwelisi, S4C, ilianza mwaka 1982, baada ya Gwynfor Evans kutishia kufunga kula hadi kufa na serikali ya Margaret Thatcher kusalimu amri. Mwaka 2011 Kiwelisi kilipewa hadhi rasmi nchini Wales. Hata hivyo, sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji 538,000 hivi, asilimia 17.8, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa. Ushindi bado. Lakini utabiri wa Lewis haukutimia, na haukutimia kwa sababu waliomsikia walikataa kuketi matangani.

Fasihi Ipi ni ya Wawelisi?

Atatokea wa kuuliza: Je, waliotunga kwa Kiingereza si Wawelisi? Ni Wawelisi, na baadhi yao ni waandishi wakubwa. Swali hilo, hata hivyo, wao wenyewe hawakulichukulia kwa wepesi kama wanavyolichukulia wahakiki wao wa mbali. R. S. Thomas, kasisi na mshairi, alijifunza Kiwelisi ukubwani. Mashairi yaliendelea kumjia kwa Kiingereza, na hali hiyo ilimuuma maisha yake yote. Tawasifu yake, Neb, iliyotoka mwaka 1985, aliiandika kwa Kiwelisi, akijitaja kama mtu wa tatu. Maana ya jina hilo ni "hakuna mtu". Emyr Humphreys alizinduliwa na moto wa Penyberth akajifunza lugha. Waldo Williams, aliyelelewa kwa Kiingereza hadi umri wa miaka saba, akawa mmoja wa washairi wapendwao zaidi wa Kiwelisi kwa diwani moja tu, Dail Pren (1956). Njia ya kurudi ilikuwapo, nao waliipita.

Mhakiki anayemsoma Dylan Thomas peke yake, asijue jina la Kate Roberts wala maisha ya wachimba mawe wa Traed mewn Cyffion (1936), kisha akatoa hukumu juu ya "nafsi ya Mwelisi", anafanya lile ambalo Waafrika wamelilaani kwa miaka mingi likifanywa juu yao.

Kuna kisa kingine kinachowafika wasomaji wa mwambao. John Rowlands, mwana wa Denbigh aliyezaliwa 1841 na kulelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, alizaliwa katika Kiwelisi. Alikimbilia Marekani, akabadili jina, akajifanya mzaliwa wa huko. Mwaka 1871 alitoka Zanzibar na msafara wa wapagazi kumtafuta Livingstone. Baadaye alimfungulia Mfalme Leopold njia ya Kongo. Jina alilojipa ni Henry Morton Stanley. Aliyeonewa kwao akawa mkono wa dola ugenini. Uhakiki unaowaona Wawelisi kuwa wahasiriwa tu hauna mahali pa kumweka mtu huyu, naye ndiye Mwelisi aliyeacha alama kubwa kuliko wote katika Afrika ya Mashariki na Kati.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kibao cha shingoni ni kweli, ila si ukweli wote. Kilikuwa dalili ya ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa lugha kunyimwa meza. Dawa nayo haikuwa kukilaani kibao bali kuirudisha lugha mezani: katika Biblia, katika shule za Griffith Jones, katika hati ya kodi ya akina Beasley, katika televisheni.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kuitaka dola iziendeleze lugha za wenyeji. Hayo ni maneno mema. Mhakiki wa Kiswahili anayeililia diski ya jana lakini hati zake za mahakama na mikataba yake yote ni kwa Kiingereza hana la kujivunia mbele ya mwanamke wa Llangennech aliyetazama samani zake zikibebwa. Tena ana swali la pili la kujibu: mtoto wa Kipokomo au wa Kidawida anapoambiwa aache lugha ya nyumbani ashike Kiswahili, ni nani safari hii aliyekishika kibao?